Mume Wangu, Shomari Moshi

Mtu akikwambia Tabora nzima ilimjua mume wangu kwa sura, anakudanganya. Sura yake hakuna aliyeiona vizuri. Walimjua kwa moshi. Shomari Mahona alikuwa na gari kuukuu la kukodisha kwa harusi, na lilipopita mtaani kwake Isevya kuku walikwenda kulala wakidhani jua limekuchwa.

Bibi harusi alipanda na shela nyeupe, akashuka kama aliyetoka kuchoma mkaa. Wakati wa uchumba nilimwambia, "Shomari, tengeneza hiyo injini, unatuua." Akanijibu kwamba petroli ni rahisi, gari linakwenda, na moshi unatokea nyuma wakati yeye amekaa mbele. Nilimnunia wiki nzima. Alipokuja kukubali, vipuri vilikuwa vimeadimika, kwa kuwa fedha za kigeni za nchi zilikwenda kununua mafuta. Gari likazidi kufuka.

Harusi yetu ilipangwa Jumapili baada ya alasiri, nyumbani kwetu Kwihara. Shangazi Mwanajuma, aliyenilea, aliweka sharti moja tu.

"Mwanangu hatoki humu kwa miguu wala kwa baiskeli. Bila gari, hakuna mwali!"

Dada yangu alitolewa kwa baiskeli, akaangukia mtaroni pamoja na mshenga, na Shangazi hakusahau. Akishaapa, hatengui.

Maana huko Uarabuni watu walikuwa wamepigana, mafuta yamepanda bei dunia nzima, na sasa redio ikatangaza: Jumapili, kuanzia saa nane mchana, ni marufuku magari kutembea. Jumapili yangu mimi! Mchele umeshachaguliwa, jamaa wa Lusu wameshafika. Nitolewe asubuhi? Shangazi alisema mwali anayetolewa asubuhi amefukuzwa. Nililia hadi wanja ukafika kidevuni. Nilimpenda yule mtu, moshi wake na yote, na Shangazi alikuwa na mpwa wa mumewe, mwenye meno mengi kupita mdomo, aliyekuwa akisubiri harusi yangu ivunjike.

Shomari alianza kwa kumwendea Koplo Silasi, polisi wa kizuizi cha barabarani.

"Afande, gari langu watu wote wanaliita garimoshi. Na garimoshi halikukatazwa."

"Lina reli?"

"Halina."

"Basi nenda zako."

Ndipo akaenda kwa Mzee Ngollo, Msukuma aliyebeba kuni kwa ng'ombe wake wawili, Siasa na Kilimo. Siasa alikuwa mnene, mwenye sauti. Aliyevuta ni Kilimo. Shomari akaomba wamvutie gari hadi Kwihara na kurudi.

"Miaka yote umetukohoza barabarani," Ngollo akasema. "Leo unatutaka?"

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe. Zungumza na wao."

Shomari akasimama mbele ya ng'ombe na kanzu yake ya harusi. "Shikamooni," akasema. Siasa akampigia chafya kifuani.

"Marahaba," Ngollo akajibu kwa niaba yao. "Leta kamba."

Kizuizini Koplo Silasi akafungua boneti na kuigusa injini. Ilikuwa ya baridi. Hata hivyo hakuwaamini. Akapanda kiti cha nyuma ili wasije wakaiwasha huko mbele, akaanza safari ya harusi ambayo hakualikwa.

Nilikuwa nachungulia dirishani walipoingia uani: Ngollo mbele akichapa, Shomari kwenye usukani akipinda kulia na kushoto kana kwamba anaamua yeye. Shangazi akajitokeza mlangoni, mikono kiunoni.

"Shomari! Hili ni gari, au si gari?"

Nyuma, Koplo Silasi akatoa kichwa nje ya dirisha, pingu mkononi, naye akingoja jibu. Akisema ni gari, anakamatwa. Akisema si gari, nabaki na yule wa meno. Shomari akamtazama Shangazi, akamtazama Koplo.

"Ni gari la ng'ombe," akasema.

"Gari!" Shangazi akapiga kigelegele.

"La ng'ombe," Koplo akasema, akarudisha pingu kiunoni.

Tuliingia Isevya jua likizama. Wanawake wakanizunguka wakanikagua kuanzia utosini hadi kisiginoni, na shela yangu ilikuwa nyeupe pee. Toka hapo kila mwali alitaka ng'ombe, hata Jumamosi. Injini ikang'olewa, kuku wakatagia humo, na nilichokililia mwaka mzima kikafanywa na bei ya mafuta. Siku hizi nagombana na samadi mlangoni, lakini samadi napandia mchicha.

Ila jioni ile, watu walipotuacha chumbani, ndiyo mara ya kwanza nilipomwona Shomari karibu bila moshi. Shavuni kwake kulikuwa na lile tone la masizi nililolizoea tangu uchumba. Nikashika ncha ya shela, nikatia mate, nikafuta. Halikutoka. Nikasugua hadi akaguta.

"Maua, unanichuna! Hicho ni kidoti. Nimezaliwa nacho."