Nilivyochelewa Hale

Niliondoka Kibaya asubuhi na mapema kwa sababu kaka yangu Rajabu alinipigia simu kutoka Hale, akasema mama hajisikii vizuri. Naiandika sababu hiyo kama nilivyopewa. Ukweli ni kwamba mama alikuwa ameshafariki kabla ya adhana ya alfajiri, na kila mtu wa nyumbani niliyezungumza naye siku ile alijua, isipokuwa mimi.

"Ana nini?" nilimuuliza Rajabu.

"Homa tu. Lakini kapata nafuu. Njoo umwone, ila usikimbize pikipiki."

"Nipe nimsalimie."

"Kalala, mdogo wangu. Mwache alale."

Kibaya nilikuwa nachomelea majembe ya matrekta kwa watu wanaolima mahindi. Kabla ya hapo nilikuwa Singida, na kabla ya Singida sehemu nyingine. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali nikaona misimu miwili ya mvua. Nikisikia kuna barabara sijaipita, mwili unawasha. Mama hakuwahi kunigombeza kwa hilo. Alikuwa na ombi moja tu, alilolirudia kila nilipokuja kumwona: "Siku yangu mnishushe nyinyi wawili, wewe na Rajabu. Nisishushwe na mtu mwingine." Kwa hiyo nilipoitwa nyumbani, popote nilipokuwa, swali langu lilikuwa hilohilo: nitawahi? Siku ile nilijibiwa kwamba hakuna cha kuwahi, ni homa tu. Nikaenda nikiwa na moyo mwepesi.

Kutoka Kibaya hadi Kijungu baridi ya asubuhi ilipenya koti ikanikaa kifuani. Wanaopanda pikipiki kwa safari fupi za mjini hawaijui hali hii. Mwanzoni unasikia kila kitu, mnyororo, bolti iliyolegea, mzigo unaochezacheza nyuma. Halafu injini inapata moto, sauti inakuwa moja, na wewe unasahau kwamba una mikono. Barabara ile imejikunja kama bati. Ukienda polepole sana inakutikisa meno. Ukiongeza mwendo kidogo, tairi zinapita juu juu ya mikunjo na unateleza kama umekalia zulia. Pande zote mbili nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya ngozi ya simba, na jua lilitokea mbele yangu, kubwa, halina haraka. Niliimba. Nalisema hilo makusudi: mama yangu alikuwa amefunikwa shuka, na mimi nilikuwa naimba.

Mbele ya Kijungu barabara inashuka kwenye mto wa mchanga usio na maji. Wafugaji walikuwa wamechimba kisima katikati ya mchanga, kirefu kuliko watu watatu waliosimamiana mabegani. Ndani yake vijana walisimama kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo kutoka chini mpaka kwenye hori la udongo, huku wakiimba ili mikono isipishane. Ng'ombe walingoja kwa zamu, kundi baada ya kundi, na kila kundi lilijua wimbo wa mwenyewe. Ukiimbwa wimbo wa wengine, hawasogei. Ningewezaje kupita jambo kama hilo? Nilizima pikipiki.

Morani mmoja aliyejua Kiswahili alikuja kuikagua. "Chuma chako kinakunywa nini?" aliniuliza.

"Petroli."

"Ng'ombe wangu akinywa ananipa maziwa. Hiki kinakupa nini?"

"Kinanipa njia."

Aliwatafsiria wenzake, wakacheka mpaka ndoo ikamwagika. Wakaniambia kama nina nguvu za kukaa juu ya chuma, nishuke kisimani nisaidie. Nikavua viatu nikashuka. Nilirusha ndoo hadi mabega yakawaka, na kila nilipokosea mpigo walinitukana kwa Kimaasai kwa furaha kubwa. Nilipotoka wakanipa maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Nikajilaza kivulini kidogo, kwa kuwa sikuwa na haraka.

Kibirashi ndipo simu ilipopata mtandao. Nikampigia dada yetu, Mwanaidi, aliyekuwa akiishi na mama.

"Anaendeleaje?"

"Hajambo," Mwanaidi alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, nikadhani hakulala kwa kuuguza. "Kanywa uji kidogo."

"Anakunywa uji? Basi kapona huyo."

"Ndiyo. Uko wapi?"

"Kibirashi. Nakuja mdogo mdogo."

Nikasikia watu wengi nyuma yake. Nikauliza ni akina nani, akasema ni majirani wamekuja kumjulia hali. "Haya kaka," akasema. "Taratibu, lakini usikae sana njiani."

Taratibu, lakini usikae sana. Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Hakuweza kunivuta wala kuniachia.

Mafuleta nilikuta wajenzi wa barabara na vumbi lao jekundu. Mchana ulikuwa umeiva. Malori ya maji yalipita yakimwaga, na nyuma yao ardhi ilitoa ile harufu ya mvua ya kwanza. Nilijipanga nyuma ya lori moja nikaifuata harufu hiyo mwendo mrefu, nikiwa nimefungua kioo cha kofia. Hizo ndizo raha za barabara ya mbali, vitu vidogo usivyoweza kumwonyesha mtu.

Chanika, pale Handeni mjini, ana banda lake fundi Mbwana, rafiki yangu wa miaka mingi. Nilisimama nikaze mnyororo. Rajabu alikuwa amempigia kabla sijafika: akipita hapo mlishe, mtulize, usimwambie. Kwa hiyo Mbwana alinipokea kwa vicheko.

"Tazama alivyokuwa," aliwaambia wateja wake. "Mzigua mwenzetu kaenda bara karudi Mgogo. Mama yako akikuona hivyo atakufungia nje."

"Atanifungulia. Harufu yangu anaijua."

"Kaa ule, bwana. Mnyororo utangoja."

Mkewe alileta bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akachelewa kuuachia, kisha akaingia ndani na hakutoka tena. Niliona. Mimi huwa naona kila kitu, hiyo ndiyo kazi yangu duniani, na bado sikuelewa. Mbwana aliendelea kunitania huku kainamia mnyororo, na kazi ambayo huwa anaifanya akipiga soga na mtu, siku ile aliifanya kama anatengeneza saa. Hakunitazama hata mara moja. Alidhani ananitunza. Wakati huo kule Hale walikuwa wameshaahirisha maziko mara moja kwa ajili yangu.

Baada ya Handeni lami inaanza kuteremka kuelekea Korogwe, na pikipiki ikawa kama farasi aliyeona zizi. Nilipita Sindeni jua likiwa limeanza kulegea, mashamba ya mkonge yakajipanga mistari, na kwa mbali milima ya Usambara ikasimama ya bluu. Mtu aliyezaliwa upande huu akiiona milima ile hujua kafika. Nilipunguza mwendo ili niitazame.

Manundu, mjini Korogwe, nilizunguka madukani nikitafuta unga wa uji, ule laini wenye karanga, kwa sababu Mwanaidi alisema mama anakunywa uji. Muuzaji akaniuliza ni wa mtoto au wa mgonjwa. Nikamwambia wa mgonjwa anayepona. Akanichagulia.

Nilipoingia Hale magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Nyumba yetu iko ndani ya mashamba, mbali kidogo na nyumba za wafanyakazi wa mitambo ya umeme. Niliona mikeka nje, na wanaume wenye kofia wamekaa juu ya mikeka. Nikazima injini. Rajabu alisimama akaja kwangu, na suruali yake ilikuwa na udongo mwekundu magotini.

"Umefika salama," alisema. "Alhamdulillah, umefika salama."

"Mmemzika?"

"Baada ya alasiri."

Nilikuwa bado nimeshika ule unga.

Wakanieleza wote kwa pamoja, kama watoto waliovunja chungu. Walitaka kuzika adhuhuri, wakasogeza hadi alasiri ili niwahi. Mwanaidi alisimama njiani akisikiliza pikipiki zinazopita. Shehe alisema maiti hangojewi hivyo, wakamwomba mara ya pili, na mara ya tatu hakukubali. Badala yangu alishuka kaburini mjomba Sefu, kaka yake mama, mwenye magoti mabovu, na ilibidi wamtoe kwa kumvuta mikono.

"Mnanisubiri," nilisema, "na mnaniambia nisikimbize."

"Ungefanyaje tungekuambia?" Rajabu aliuliza.

Jibu tunalijua sote. Salimu, mtoto wa baba yetu mdogo, alikuwa bodaboda wa Segera. Alipigiwa simu akaambiwa baba yake kafa, akapanda pikipiki, akaingia chini ya lori lililoegeshwa, hata hakufunga breki. Tulizika baba na mwana mchana mmoja. Tangu hapo ukoo wetu hauna sheria iliyoandikwa, lakini una hii: aliye barabarani hapewi msiba. Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa siku ilipopitishwa. Nilidhani ni sheria ya watu wengine.

"Na uji je?" nilimuuliza Mwanaidi baadaye, tukiwa wawili. "Ulisema kanywa uji."

Alijifuta uso kwa kanga. "Sikujua niseme nini. Nilikuwa napika uji wa watu waliokuja."

Asubuhi yake unga wangu ukatiwa kwenye sufuria lilelile, waombolezaji wakaunywa, wakausifia.

Siku za matanga nilikaa mkekani nikapewa mikono. Kila mzee alisema afadhali nimefika mzima. Shikamoo, marahaba, Mungu kapenda, afadhali umefika mzima. Ilifika mahali nikitazama miguu yangu naona imeniibia kitu. Rajabu alikuwa hapati usingizi. Aliniuliza mara moja tu, tukitoka kaburini, bila kunitazama: "Tungekuambia ukweli, ungewahi alasiri?"

"Sijui," nilimwambia. Ilikuwa kweli. Sikujua.

Matanga yalipoanuliwa niliondoka Hale asubuhi, jua likiwa pale pale lilipokuwa siku nilipotoka Kibaya. Sikumwambia mtu kwa nini nimechagua saa hiyo. Mwanaidi alinifungia mikate ya kumimina. Nilienda taratibu mpaka nyumba ikafichwa na mikonge, halafu nikavuta mafuta hadi mwisho.

Milima sikuitazama. Handeni nilipita Chanika bila kusimama. Mbwana alininyanyulia spana, nikamwacha na mkono wake hewani. Vumbi la Mafuleta nililila. Nilipojaza petroli Kibirashi sikushuka kwenye pikipiki. Sikuona ndege, wala mtu, wala nyasi, na kama kulikuwa na barabara nzuri siku ile mimi sikupewa. Kwenye mto wa mchanga nilishuka kwa kasi. Tairi la mbele likazama, pikipiki ikaniangukia, bomba la moshi likanichoma shavu la mguu. Nilikaa mchangani nikihema. Hapakuwa na mtu kisimani. Nilimfikiria Salimu, nikajua kwamba siku ile, nikiwa na habari ya mama kichwani, mteremko ule ningeuingia kwa kasi kubwa zaidi. Hofu ya Rajabu haikuwa ya kipumbavu. Nikanyanyua pikipiki, nikaendelea kwa kasi ileile.

Kibaya nilipoingia watu walikuwa wanatawadha nje ya msikiti wa sokoni. Nikasimama mbele yao na injini ikiunguruma, nikamuuliza mmoja kama wameshaswali alasiri.

"Bado," alisema. "Haijaadhiniwa. Shuka uswali nasi, kijana. Mguu huo umefanyaje?"

Ningewahi. Kwa kuanguka, kwa kukaa mchangani, kwa kunyanyuka, ningewahi kumshusha mama.

Niliswali nao. Kisha nikaenda kwenye chumba changu, nikaosha kidonda, nikakaa kizingitini na simu mkononi. Rajabu alipiga mara mbili, sikupokea. Nilingoja kivuli cha nyumba ya jirani kivuke barabara, nikangoja mbuzi warudi, nikangoja mpaka magharibi ikaadhiniwa. Hapo ndipo nikampigia.

"Umefika?" alipokea kabla haijaita vizuri.

"Ndiyo naingia sasa hivi. Natoa mzigo."

Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

"Siku nzima," alisema.

"Siku nzima, kaka. Njia mbovu sana."

"Nilimwambia Mwanaidi. Nilimwambia, hata tungempa habari asubuhi ile, asingewahi."

"Nisingewahi," nilimwambia. "Ulale sasa."