Mwanakondoo Aliyeogeshwa

Watu walimwita Mama Mikia, naye hakukasirika. Kondoo wake walikuwa wale wa zamani, wafupi, wa rangi ya udongo, wenye mikia minene inayotikisika nyuma kama mito ya kulalia. Majirani walikuwa wamekwisha kugeukia kondoo wa kisasa, warefu na weupe.

"Hao wako wanatembea na mizigo kama wanahama," walimtania.

"Ndiyo akiba yao," alijibu. "Kiangazi kikija wenu watakula nini, manyoya?"

Lakini madume wa kisasa hawajui ua ni nini. Waliruka, damu ikachanganyika, mpaka Mama Mikia akabaki na jike mmoja tu wa mbegu ile aliyopewa na mama yake alipoolewa. Naye alikwisha kuzeeka, meno yamepungua. Mama Mikia alitembea kutwa nzima kwenda kuazima dume wa mbegu hiyohiyo, akamleta kwa kamba. Jike akashika mimba, na kila aliyemwona alijua ndiyo ya mwisho. Akizaa jike, mbegu inaendelea. Asipozaa jike, basi tena.

Alizaa jike, alfajiri ileile mvua ya kwanza ilipolowesha shamba. Mama Mikia alipiga magoti bandani, akatazama mtoto anavyolambwa na anavyotafuta chuchu, akacheka peke yake. Kisha akabeba jembe na debe la mbegu, maana udongo uliolowa haumsubiri mtu.

"Mwanangu," alimwambia mkazamwana wake, "naenda kupanda. Niangalizie wageni wangu."

Mkazamwana alikuwa binti wa fundi cherehani, amekulia vyumba viwili vya kupanga. Kondoo alizoea kuwaona wakipita tu. Alikuwa na kichanga chake cha miezi michache, na tangu ajifungue, kila kitu kidogo kilimtia huruma. Akachungulia bandani. Maskini mtoto yule, ute umemganda mwilini, majani yamemnata mpaka masikioni. Maji ya vuguvugu ya kumwogeshea mwanawe yalikuwa yamebaki kwenye beseni. Akamwogesha mwanakondoo polepole, akamkausha kwa kitambaa laini, akampaka na mafuta kidogo, yale ya watoto yenye kunukia. Akamrudisha akijisifu moyoni.

Mama kondoo alinusa, akapiga chafya, akamtwanga mtoto kichwa. Mtoto akainuka, akarudi. Akatwangwa tena, mara hii mpaka ukutani. Jua lilipofika utosini mwanakondoo alikuwa amejikunja pembeni, hajaribu tena. Mkazamwana akamfunga mwanawe mgongoni, akakimbilia shambani.

"Mama, mtoto amekataliwa."

"Amekataliwa vipi? Si alikuwa ananyonya?"

"Nilimwogesha."

Mama Mikia akaegemea jembe. "Na sabuni?"

"Ya mtoto."

"Na mafuta?"

"Kidogo."

"Poda hukumtia?"

Mkazamwana aliinamisha kichwa akingoja kutukanwa. Mama Mikia alikaa chini palepale kwenye tope, akacheka mpaka akajifuta machozi, na alipomaliza kucheka aliendelea kujifuta.

"Kondoo anamjua mwanawe kwa pua, mwanangu. Wewe umempelekea mtoto wa dukani." Akainuka. "Lile zalio lililotoka baada ya mtoto, uliliweka wapi?"

"Nililifukia nyuma ya banda."

"Twende tukalifukue."

Walimsugua mwanakondoo kwa zalio lile, kuanzia kichwani hadi mkiani. Kilikuwa kitu cha kuteleza na kunuka, lakini mkazamwana hakuthubutu hata kukunja pua. Mama kondoo wakamfunga kwenye nguzo, wakakamua maziwa yake na kumpaka mtoto mgongoni.

"Mimi narudi, mashimo yako wazi na ndege wameshaniona," alisema Mama Mikia. "Wewe mshike huyu, mtoto anyonye. Akinusa, mwache anuse. Akirusha teke, vumilia. Uzazi haulazimishwi, unabembelezwa."

Basi mkazamwana akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja shingoni mwa kondoo, magoti yakimsukuma mwanakondoo chini ya kiwele. Mwanawe akaamka, naye anataka ziwa. Akamleta mbele, akamnyonyesha kwa mkono uliobaki. Mateke yalimpata miguuni, akanyamaza. Alihisi pumzi ya moto ya mama kondoo ikipita juu ya nyayo za mwanawe, na akajikuta anamwomba msamaha mnyama, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyozungumza na wifi aliyenuna.

Jioni Mama Mikia alisimama mlangoni, tope mpaka magotini.

"Mfungue."

"Akimpiga je?"

"Tutamwona. Mfungue."

Kamba ikalegea. Mama kondoo alisogea mbali, akajitikisa, akageuka. Alimnusa mtoto kwenye shina la mkia, akanusa tena, muda mrefu kiasi kwamba mkazamwana alisahau kupumua. Kisha ikatoka ile sauti nzito ya kooni ambayo kondoo humtolea mwanawe tu, na ulimi ukaanza kazi.

Mama Mikia alinyoosha mikono.

"Lete mjukuu wangu, nenda kaoge," alisema. "Sabuni unajua ilipo."