Niliambiwa "Nok", Nikasema Nimeelewa

Makosa ni yangu. Si ya fundi, si ya mjukuu wangu, wala si ya gari. Ni yangu mimi, mwanamke mzee wa huku karibu na Oyugis, na ninayaandika kwa sababu mdomo umekataa kuyasema. Mnivumilie mwandiko. Shule niliachia darasa la nne.

Kwanza mjue kwamba mimi sisahau. Mtu wa kanisa letu akitaka kujua mtoto fulani alibatizwa pamoja na nani, anatumwa kwangu. Nitakutajia wote: Akinyi, Odera, Atieno wa mama Rispa, na yule Joram aliyelia mpaka akatapika. Watu husema, "Ukitaka ukweli, uliza Dani." Dani ndiyo nyanya kwetu. Mnaona ni sifa? Hiyo sifa ndiyo imenifunga!

Mjukuu wangu nitamwita Okoth. Nimemlea tangu tuzike mama yake. Kazi yake ilikuwa kubeba samaki: anawachukua Homa Bay asubuhi, anawapeleka Migori mpaka Kegonga kabla barafu haijayeyuka. Gari yake ilikuwa ya tabo, ile inayopiga filimbi ikipanda mlima. Kompyuta iliyokuja nayo iliingia maji ikafa. Ndipo akapata fundi, nitamwita Salim, kijana wa pwani aliyefungua gereji mjini Oyugis.

Salim aliweka kompyuta nyingine, ya kufundishwa. Inaambiwa mafuta yaingie kiasi gani, moto wa plagi uwake wakati gani, tabo isukume hewa kwa nguvu gani. Najua kwa sababu siku ya kuifundisha nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma! Nilikuwa natoka kliniki, wakanibeba. Okoth anaendesha, Salim ameweka laptopu mapajani, macho yake kwa mistari inayopanda na kushuka.

"Bibi, shika kiti," Salim akaniambia. "Mjukuu wako anataka kuruka."

"Nikifa mtanizika na hiyo kompyuta yenu?"

"Tutakuwekea kichwani, bibi, ikuamshe kwa uji."

Tulicheka, aii, tulicheka! Kijana huyo alinipenda. Mke wake Zuhura alikuwa hakosi kunitumia mahamri.

Tulipofika nyumbani akamwambia Okoth, "Leo gari ni tupu, inaweza kunidanganya. Ukipakia samaki, rekodi safari yote, unitumie nione."

Okoth akafanya hivyo. Akaenda, akarudi, akatuma hiyo rekodi. Asubuhi iliyofuata simu yake ilikuwa kwangu inachajiwa, naye anaoga. Ikalia. Nikashika, kumbe ni Salim.

"Shikamoo, bibi. Okoth yuko wapi?"

"Anaoga."

"Mwambie nimeitazama rekodi. Kuna nok, tena mbaya, pale mlimani. Leo asipakie mzigo, asiikanyage, ailete kwangu kwanza nipunguze tabo. Umenielewa, bibi?"

"Nimeelewa sana."

Sikuwa nimeelewa! Kiswahili cha pwani kinakimbia, na changu ni cha sokoni. Nilishika neno moja tu, kwa sababu lilikuwa la kwetu: nok. Kwa Dholuo, nok ni kidogo, haitoshi. Sukari nok. Chumvi nok. Sasa gari itapungukiwa na nini kama si mafuta? Salim naye Kijaluo chake kilikuwa cha kusalimia tu, angejuaje mimi nimesikia nini?

Lakini siwadanganyi. Hayo ya mzigo niliyasikia. Niliwaza tu kwamba mafuta yakiongezwa, mambo yameisha.

Okoth akatoka na taulo begani. "Dani, nani amepiga?"

"Salim. Anasema mafuta nok."

"Mafuta? Si iko nusu?"

"Mimi nimekwambia alichosema."

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema."

Akafikiri, kisha akatabasamu. "Kumbe ndiyo maana inashtuka mlimani! Pampu inanyonya hewa. Na mimi nilidhani ni ugonjwa mkubwa."

Akajaza tangi mpaka juu. Akapakia samaki. Na kwa vile aliamini gari imepona, akaikanyaga kuliko siku zote.

Kwenye mlima wa kwenda Kegonga injini ililia kishindo, ikatoa moshi, ikanyamaza. Samaki wakaozea kando ya barabara. Fundi wa huko alipoifungua alitoa pistoni moja ikiwa na tundu, ukingo umeyeyuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Okoth aliniletea hiyo pistoni nyumbani, ameishika kwenye kiganja. "Dani, hii inaitwa nok. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, yanagonga hapa kama nyundo. Ukiwa na mzigo na tabo inasukuma, inatoboa kabisa. Na Salim aliiona akanyamaza!"

Yawa! Nikaketi.

Salim alikuja kwetu mwenyewe, na Zuhura. Ndugu ya marehemu mume wangu alikuwepo, mzee Naftali, na pasta Ezra pia.

"Ulisema ni mafuta!" Okoth akamrukia.

"Mafuta gani, ndugu yangu? Nilisema kuna nok, usipakie. Nilimpa bibi ujumbe. Bibi, si ulinijibu umeelewa?"

Wote wakanigeukia.

"Dani hasahau," Naftali akasema. "Aseme yeye, tumalize."

Nilimwona Okoth ananitazama. Nikaona aibu ya kuitwa mzee asiyesikia, mzee aliyeua gari ya mtoto aliyemlea. Nikasema, "Alisema mafuta ni kidogo. Basi."

Salim hakupiga kelele. Alisema polepole, "Labda simu ilikuwa inakatakata, bibi."

Alikuwa ananifungulia mlango! Ningesema ndiyo, ilikatakata, tungeachana kwa amani. Mimi nikajibu nini? "Simu ilikuwa safi." Uwi!

"Umesikia?" Naftali akamwambia. "Huyu anakumbuka hata majina ya mbwa waliokufa. Wewe kijana nenda tu."

Okoth akawaambia madereva wote, wa Oyugis, wa Rongo, wa Uriri, kwamba fundi wa pwani aliharibu gari kisha akamsingizia nyanya yake. Magari yakaacha kwenda kwake. Leo pale kwenye gereji wanauza magodoro. Zuhura alikuja kuniaga, na mahamri mkononi! "Salim anakusalimia, bibi." Hayo mahamri niliwatupia kuku.

Sasa Okoth anaendesha lori la mtu mwingine, na ananipenda kuliko zamani. Akileta mgeni anasema, "Huyu ndiye shahidi wangu." Mke wake Lilian akisema jikoni, "Dani, chumvi nok," mimi nashtuka kama nimeitwa kwa chifu. Siku haipiti bila neno hilo. Maziwa nok. Kuni nok.

Nikitaka kusema, namwona pasta, namwona Naftali, nawaona wote walioniamini. Niko kama kuku aliyefunikwa na tenga. Boma lote naliona, na siwezi kutoka.

Wazee wenzangu, nawaomba! Ukipigiwa simu na hukusikia, sema hukusikia. Mtu atarudia tu, hatakuchapa. Ujumbe usiupunguze ati umeujua mwisho wake. Na ukiulizwa mbele ya watu, na mtu akakuachia nafasi ya kurudi nyuma, rudi! Mimi sikurudi. Na nyinyi vijana wa mashine, muacheni mwenye gari amalize kuoga, mwongee naye mwenyewe.

Majina nimeyabadilisha yote. Okoth husoma ukurasa huu wa gazeti kwenye lori akingoja mzigo upangwe. Nilitaka nibadilishe na lile neno pia, niweke lingine, asinijue.

Nimeliacha.