Hewa ya Baba Mkwe

Kazi yangu ni kuzamia kwenye vizimba vya sato, upande wa Rukuba. Nikiwaambia wanawake wa mtaa wa Mukendo wanacheka, wanadhani nauza samaki. Siuzi. Navaa mtungi wa hewa mgongoni, nashuka, natafuta nyavu zilizotoboka na kuzishona kabla samaki hawajajua kwamba kuna mlango.

Mwenzangu wa chini ya maji alikuwa baba mkwe wangu. Hatukuchaguana. Mwenye vizimba alipeleka wazamiaji wengine kwenye vizimba vyake vingine, tukabaki sisi wawili: mzee aliyezoea maji tangu ujana wake, na mimi niliyekulia ufukweni Bunda. Mwenye vizimba hakujua mila zetu, au alijua na hakujali.

Kwetu mkamwana hamshiki baba mkwe. Hali chakula mbele yake, hamkazii macho, na akitaka kumpa kitu anakiweka chini ili mwenyewe akiokote. Nilifunga ndoa kanisani, kwa pete na cheti, lakini sheria hiyo iliingia nasi kanisani ikakaa benchi la mbele. Sikuwa na ugomvi nayo. Nyumbani ilinipunguzia maneno mengi.

Kwenye boti ilikuwa balaa. Wazamiaji wawili hukaguana kabla ya kuruka: unavuta mikanda ya mwenzako, unahakikisha mtungi wake umefunguliwa, unasoma geji yake ya kupimia hewa, naye anasoma yako. Mwalimu wetu alisema asiyekaguliwa asishuke. Sasa niambie, mkamwana anamvutaje baba mkwe mkanda wa kifuani? Tukatafuta ujanja. Dereva wa boti alimkagua yeye, kisha akanikagua mimi, na maneno yetu yote yakapitia kwake ingawa tulikaa umbali wa hatua mbili tu.

"Mwambie mama akaze mkanda wa kiuno."

"Mwambie baba nimeshakaza."

Dereva alicheka mpaka akazoea.

Siku ninayoisimulia tulipaswa kushuka mara tatu. Mashine ya kujazia mitungi ipo Nyakato, na asubuhi ile ilijaza mitano ikagoma. Tulihitaji sita. Tulishuka mara ya kwanza hadi kwenye nanga, mita ishirini, tukapanda, tukapumzika saa nzima. Tukashuka tena kukagua kuta za nyavu, tukapumzika tena. Mapumziko hayo si uvivu. Ukishuka mara kadhaa kwa siku, mwili unabeba gesi, na ukipanda kwa pupa gesi hiyo inaweza kukulemaza au kukuua. Ndiyo maana kila tunapopanda tunasimama kwanza mita tano chini ya uso wa maji, dakika tatu, tukishika kamba.

Kwa mara ya tatu ulibaki mtungi mmoja mzima, na mingine yenye mabaki.

"Huo mzima mpe mama," baba mkwe akamwambia dereva. "Mimi hili bakio linanitosha."

"Mzee, hilo lina ngapi?"

"Lipo la kutosha. Nilikuwaga nazamia wewe hujazaliwa."

Injini ilikuwa imekohoa njia nzima, na dereva alikuwa ameiinamia na mikono yenye oili. Hakuja kuangalia. Geji ya mzee ilining'inia kiunoni, kioo kimelalia paja. Ningenyoosha mkono tu ningeigeuza. Au ningemwambia dereva aache injini yake kwanza. Sikufanya hata moja, nilikaa na adabu zangu.

Tundu la kushona lilikuwa kwenye sakafu ya kizimba, mita kumi na moja chini. Maana yake tulifanya kazi tukiwa chini ya kizimba, wavu juu ya vichwa. Huwezi kupanda moja kwa moja, lazima uogelee kwanza mpaka ukingoni. Maji yalikuwa ya kijani na mazito, mbele ya mita mbili huoni kitu. Tundu lilikuwa kubwa kuliko tulivyoambiwa. Mzee alishika kingo, mimi nikashona.

Baada ya muda nikamuuliza kwa ishara, vidole viwili juu ya kiganja: hewa ngapi? Akanijibu kwa kiduara cha kidole gumba na cha shahada: sawa. Sawa si jibu. Jibu ni namba. Yeyote mwingine ningemuuliza tena, ningemkodolea macho mpaka aniambie. Lakini mkamwana hamuulizi mzee mara mbili, nikarudi kwenye sindano yangu.

Mapovu yake ndiyo yaliyonishtua. Yalikuwa yanatoka kwa haraka, yakawa membamba, yakakatika. Nikamwona akiinua geji, akaigonga kwa ukucha kama mtu anayegonga redio mbovu. Kisha akanitazama.

Mdomo wangu wa akiba, wa kumpumulisha mwenzako akiishiwa, ulikuwa umebanwa kifuani. Bomba lake ni fupi. Anayeutumia lazima akae uso kwa uso na mwenye mtungi, mwili kwa mwili. Niliubandua nikamnyooshea. Aliuangalia, akaangalia mahali ulipotoka, akatikisa kichwa. Halafu akageuka, akaanza kupiga mateke kuelekea ukingoni, peke yake, hana hewa.

Sikuogopa kwanza. Nilikasirika. Mtu mzima, ana wajukuu, anachagua kufa kwa ajili ya adabu, halafu maiti yake nimpelekee mume wangu mimi! Nikamfuata nikamdaka mguu. Akausukuma mkono wangu. Nikamchapa kofi mkononi, ndiyo, nilimchapa baba mkwe wangu, nikakamata mkanda wake wa kifua na kumsokomeza ule mdomo wa akiba katikati ya meno. Nikabonyeza kitufe kutoa maji. Akakohoa humo humo. Kisha akavuta hewa, akavuta tena, kwa pupa ya mtoto anyonyaye.

Mshale wa geji yangu ulikuwa kwenye themanini, wakati mtungi mzima huanzia mia mbili, na sasa tulikuwa vinywa viwili. Tulipotoka chini ya wavu na kupanda taratibu hadi kwenye kamba, mita tano, ulikuwa sitini. Akaonyesha gumba juu: twende. Nikakataa. Asubuhi ile alikuwa ameshuka mita ishirini, na kwa umri wake sikutaka kubahatisha. Nikashika kamba kwa mkono mmoja na mkanda wake kwa mwingine.

Dakika tatu ni ndefu. Nyuso zetu zilitengana shubiri moja. Miaka tisa ya ndoa, sikujua kwamba ana kovu kwenye nyusi. Alifumba macho ili asinione. Mimi sikuweza kufumba, nilikuwa nasoma geji. Hamsini na mbili. Arobaini na nne. Alivuta mara mbili kila nilipovuta mara moja, nami nilianza kubana pumzi zangu, jambo ambalo mwalimu alitukataza kabisa. Thelathini na sita. Nilijiapia kwamba ikifika thelathini tunapanda, liwalo na liwe. Ikafika thelathini na mbili, na dakika zikaisha.

Juu ya maji alitema ule mdomo, akasema nami moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Ungeniacha tu, mama."

"Nyamaza baba, pumua."

Dereva alituona tumeshikana. Jumapili, baada ya ibada, nikaitwa sebuleni nyumbani kwa baba mkwe. Kaka yake mkubwa alikuwa amekuja kutoka Butiama. Mume wangu alikaa akiangalia sakafu. Hakuna aliyeuliza mzee alikuwa amebakiza pumzi ngapi.

"Tumesikia ulimkumbatia mkweo," kaka mkubwa akaniambia. "Huko kwenu Bunda mnafanyaga hivyo?"

Niliona ndoa yangu imewekwa mezani pale, na kila mtu anaitazama isipokuwa mume wangu. Nilikuwa na maneno, tena makali, lakini nilijua nikiyatoa nitakuwa nimemvua nguo mzee mbele ya kaka yake.

"Hakunikumbatia," baba mkwe akasema. "Mimi ndiye nilimkamata."

"Unasemaje?"

"Niliishiwa hewa nikamrukia. Yeye alinikataza, mimi nikamng'ang'ania. Kama kuna mbuzi wa faini, atoke kwangu."

Ulikuwa uongo mtupu. Mkamwana akimgusa baba mkwe, ni kosa na linasuluhishwa. Baba mkwe akimkamata mkamwana, ni aibu ya kuzikwa nayo. Yeye aliijua tofauti hiyo kuliko sisi wote, na siku nne nyuma aliona heri afe kuliko kuikaribia aibu hiyo.

Kaka yake akasogeza kiti mbali naye. Baba mkwe alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, anapumua taratibu.