Miche Niliyoilisha Chumvi

Kiangazi kile nilikuwa na miche makumi tatu ya avoka ndani ya sashe, vifuko vya plastiki, nyuma ya nyumba ya mutoto yangu huku Shari. Sehemu ya chini ya kila muche ni avoka ya kienyeji, niliotesha mbegu mwenyewe. Juu, monitere, mushauri wa kilimo, alikata na kufunga kitawi cha avoka kubwa. Nilitaka mvua ikianza nipeleke yote Fataki, kwenye shamba letu, nipande nikiwa bado na nguvu.

Maji ilikuwa mbali, tunaibeba kwa bidon, dumu kwa dumu, na magoti yangu yalishakataa. Mukamwana wangu anauza makayabo, samaki ya chumvi. Kila asubuhi anailoweka, kisha anamwaga ile maji.

«Usimwage,» nikamwambia. «Nyweshea miche.»

«Mama, si iko na chumvi?»

«Ng'ombe za baba yangu tulizilambisha chumvi, zikanenepa. Weye ulichunga ng'ombe gani?»

Akafanya.

Wiki mbili hazikuisha, majani ya chini yakaungua kwenye ncha, kama mutu amepitisha moto pembeni. Nikamugombeza mbele ya majirani, nikamwita muvivu, nikasema hanyweshi. Akaongeza maji ileile. Majani yakaanguka, na udongo uko mubichi.

Monitere alipokuja akapasua sashe moja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ncha zimekufa. Akaonja udongo, akatema.

«Koko, bibi yangu, nani anapikia miti supu hapa?»

Hakuna aliyecheka. Akaeleza polepole: kitawi cha juu hakina kosa, anayeumwa ni muti wa chini. Chumvi inashika maji ndani ya udongo, mizizi inakaa kwenye matope na kiu yake. Chumvi kidogo inayoingia inapanda mpaka kwenye majani, inayachoma. Avoka haiwezi hiyo.

Mukamwana alikuwa amesimama na beseni mikononi, anatazama chini. Majirani walikuwa palepale kwenye lupango, uani kwetu.

«Ni miye nilimutuma,» nikasema. «Yeye alinionya.»

Dawa ilikuwa maji safi, mingi, ipite mpaka chini ya sashe ioshe chumvi. Tulibeba bidon siye wawili, na magoti hayohayo. Kwa uchovu nilikuwa nalala nikiwa nimevaa. Kumi na moja tu ndiyo ilitoa majani mapya.

Fataki nilifika na mugongo hautaki kunyooka. Shemeji yangu wa pale, aliyengoja makumi tatu, akahesabu miche.

«Ingine iko wapi?»

«Niliiua.»

Akachukua jembe. «Basi tupande hii, jua inapanda.»