Funda Moja la Pombe ya Asali

Pale Kibirichia, Murungi alikuwa na kila kitu isipokuwa alichokuwa nacho mdogo wake, Kiunga, na jambo hilo lilimkereketa rohoni.

Wote wawili walikuwa wameokoka. Lakini siku ya mahari ya mpwa wao, wazee wa ukoo walipopitisha pembe ya pombe ya asali, Murungi alinywa funda moja ili kulinda amani. Kiunga alikataa. Wazee wakamtenga: asisaidiwe shambani, asipewe hata moto wa kuwashia jiko.

Sasa viazi vimekomaa. Kwa Murungi majembe yanapishana, watu tele, kelele tele. Ng'ambo ya ua, Kiunga na mkewe wanachimba peke yao, viganja vimechubuka, na bado wanaimba. Hicho ndicho Murungi ameshindwa kumeza. Mtu aliyetengwa anaimba nini?

Jioni mama yao mgonjwa, anayeishi kwa Murungi, aliomba kuombewa. Murungi akavua kofia upesi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Inuka, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Nilitaka uniitie Kiunga."