Kiti Kitupu cha Kwenda Mwanza

Kwa kina mume wangu, baba na mama hawapandi chombo kimoja. Kuna meli ilizama ziwani zamani, mama mkwe akapoteza mume na kifungua mimba wake siku moja. Tangu hapo akaweka sharti: wazazi wasafiri mbalimbali, ili mtoto asikose wa kumlea. Mimi niliona upuuzi, ila nilitii. Utabishana vipi na mjane?

Basi asubuhi hiyo, hapo Muleba, daktari akatuambia utumbo wa mtoto wetu umejisokota. Apasuliwe Mwanza leo leo, na kwa barabara hatawahi. Mtoto mwenyewe hajatimiza hata miaka miwili! Sharti la mama mkwe likawa palepale. Mume wangu akaenda stendi kusubiri basi la kuzunguka ziwa, mimi nikakodi teksi kwenda Bukoba, uwanja wa ndege. Yaani nakwenda kaskazini ili nifike kusini.

Ndani ya ndege nilimpakata mtoto. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na hicho ndicho kilichonitia wazimu. Halafu Bukoba nani asiyejua kwamba ndege inaweza kuingia ziwani? Nilifumba macho nikasali rozari bila rozari mkononi, nusu Kihaya nusu Kiswahili, nikiruka matendo. Ati dakika arobaini na kitu tu. Waongo! Kila mtoto alipoacha kulia niliweka kidole chini ya pua yake nione kama anapumua. Mawe, mama yangu!

Tulitua salama, na hapo hofu ikawa ndiyo inaanza. Hospitalini nesi akauliza, "Baba yuko wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi?"

Nikampigia. Basi lilikuwa limechelewa, ndiyo kwanza anatoka Biharamulo. Nikasaini mwenyewe karatasi ya kukubali apasuliwe. Mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji akilia, "Tata! Tata!" Baba yake ndiye aliyemtaka, si mimi. Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi nikiwaogopea wawili kwa mpigo, mmoja kwenye kisu, mwingine barabarani, na sina hata mkono wa kushika. Nilimchukia mama mkwe siku ile, Mungu anisamehe.

Na ndiye aliyepiga simu, kabla daktari hajatoka.

"Waitu, mwanangu, mko wote hapo?"

"Wote wapi, mama? Niko peke yangu! Mtoto anapasuliwa na niko peke yangu!" Nilimfokea, mimi ambaye tangu niolewe sijawahi kumpandishia sauti. Nikadhani amekata, kumbe alikuwa bado yupo, namsikia anavyohema.

Tulikaa hivyo, kila mtu na simu yake sikioni, sijui muda gani. Kisha mlango ukafunguliwa, daktari akashusha barakoa.

"Amevuka," akasema. "Utumbo tumeuweka sawa."

"Mzima, mama!" nikapiga kelele, watu wote ukumbini wakageuka. "Mzima!"

Mama mkwe alilia simuni mpaka pumzi ikamkatika. Alipotulia akasema polepole, "Kurudi pandeni ndege moja, wote watatu. Kuogopa niachieni mimi."